UZI: Steve Albini, fundi wa studio aliyeukataa mrabaha wa Nirvana

MzeeWaKanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye ule mjadala wa maprodyuza bora wa muda wote nilimtaja Steve Albini. Watu watatu wakauliza ndiye nani, mmoja akasema namtunga. Nikaahidi uzi. Leo umeme upo na chai ipo, kwa hiyo tuanze. Nitashusha kwa vipande, msinikimbize.

Kwanza, mwenyewe angekasirika kuitwa prodyuza. Kwenye majalada ya albamu alizozifanya, jina lake likiwepo, liliandikwa kwamba amerekodi, basi. Kuna nyingine hakutaka hata liandikwe. Sisi tunalo neno linalomkaa vizuri kuliko hayo ya kwao: fundi mitambo. Waliokua na RTD, ile Redio Tanzania ya zamani, masikioni wanalijua. Bendi inaingia, inapiga, fundi mitambo anahakikisha kilichopigwa ndicho kilichoingia kwenye kanda. Sikumbuki kusikia fundi mitambo amewaambia bendi kama Jamhuri Jazz wabadilishe kiitikio.

Albini alizaliwa Pasadena, California, Julai 22, 1962. Baba yake alikuwa mwanasayansi wa mioto ya misitu. Familia ikaja kutulia Missoula, Montana, huko milimani, na huko ndiko kijana alikowasikia Ramones, bendi ya muziki wa punk, shule ikapata mshindani. Baadaye akaenda Northwestern University, pembeni ya Chicago, akasomea uandishi wa habari. Hilo la uandishi liwekeni kiporo, tutalirudia.

Mwaka 1981 akaanzisha Big Black. Mwanzoni bendi ilikuwa yeye peke yake na mashine ya ngoma, Roland TR-606, ambayo kwenye jalada aliiorodhesha kama mwanabendi: jina, Roland. Rekodi ya kwanza, Lungs ya mwaka 1982, aliipiga nyumbani kwa mashine ya treki nne aliyoiazima kwa kreti la bia. Riziki ya kila siku aliipata kwa kurekebisha picha za matangazo kwa mkono, enzi hizo kompyuta haijaivamia kazi hiyo.

Big Black hawakuwa na meneja, wakala wala mkataba wa maandishi. Vyombo walibeba wenyewe, maonyesho walitafuta wenyewe. Wakaivunja bendi mwaka 1987, mpiga gitaa mmoja, Santiago Durango, alipoamua kwenda kusomea sheria. Walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kujulikana.

Naendelea baada ya magharibi.

Kipusa_Tanga

Siti ya mbele, karanga ninazo.

DJ Kibatari

Mzee, rock ni makelele tu. Nipe sababu moja ya kuendelea kusoma.

MzeeWaKanda

@DJ Kibatari sababu ni dola laki nne. Tulia.

MzeeWaKanda

Tuendelee.

Desemba 1987 Albini akaitwa Boston kurekodi bendi changa inayoitwa Pixies. Siku kama kumi, malipo dola 1,500. Ikatoka Surfer Rosa, 1988. Tafuteni dramu za albamu ile, hata kama gitaa linakukera. Mpaka hapo miaka ya themanini dramu za redioni zilikuwa kama mtu anapiga bati ndani ya kanisa: mwangwi wa mashine, umepakwa juu kama rangi. Hizi za Surfer Rosa unasikia chumba. Unajua ukuta uko wapi. Kuna sauti walizichukulia bafuni, kwa sababu bafu lina mwangwi wake wa kuzaliwa na hakuna mashine ya kuushinda.

Halafu, kwa mdomo wake usio na breki, akaenda kuwaponda Pixies hao hao kwenye jarida. Miaka mingi baadaye akakiri alikosa adabu. Huyo ndiye Albini wa ujana wake, tutafika.

Baada ya Surfer Rosa simu zikaanza. Pod ya The Breeders, 1990. Kisha PJ Harvey wa Uingereza, Rid of Me, iliyotoka 1993, albamu ambayo ukiisikiliza kwa sauti ndogo hausikii kitu, ukiongeza inakurukia. Na kulikuwa na kijana mmoja huko jimbo la Washington ambaye Surfer Rosa na Pod zilikuwa kwenye orodha yake ya rekodi anazozipenda kufa. Jina lake Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana.

Studio_ya_Uani

Hapo sasa. Nilikuwa nasubiri Nirvana.

MzeeWaKanda

Haya, In Utero, albamu ya Nirvana aliyoirekodi Albini.

Nevermind ya mwaka 1991, iliyosimamiwa na prodyuza Butch Vig, iliwafanya Nirvana bendi kubwa kuliko walivyotaka. Cobain akaona imesuguliwa mno, inang'aa kama gari la harusi. Kwa albamu yao ya pili kwenye lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya muziki, akamtaka Albini.

Kabla ya kukubali, Albini akawaandikia barua ya kurasa nne. Barua hiyo siku hizi inasomwa na watu wengi kuliko mikataba yao wenyewe. Kwa ufupi aliwaambia hivi: albamu ikichukua zaidi ya wiki, kuna mtu anaharibu kazi. Nitakuja tu kama rekodi ni ya kwenu na si ya lebo. Sina kanuni ya sauti ninayoileta mfukoni. Na mwisho akafika kwenye pesa. Alitaka alipwe kama fundi bomba: nafanya kazi, mnanilipa thamani ya kazi, naondoka.

Kwa wasiojua biashara hii, prodyuza mkubwa kule hulipwa pesa ya mkononi halafu anapata asilimia ya kila nakala inayouzwa, miaka nenda rudi. Albini akawapigia hesabu palepale kwenye barua. Lebo itategemea niombe asilimia moja au moja na nusu. Tuseme ziuzwe nakala milioni tatu. Hiyo ni kama dola 400,000. Akasema hazigusi, hatapata usingizi.

Akachukua dola 100,000, mara moja, akafunga mlango. In Utero ikaja kuipita hiyo milioni tatu ya kwenye mfano kwa mbali, na hakuchukua senti ya ziada.

DJ Kibatari

Nimerudi. Huyu mtu alikuwa na akili timamu?

MzeeWaKanda

Subiri, kwanza nimalize kazi yenyewe.

Februari 1993 wakaenda Pachyderm, studio iliyo porini huko Cannon Falls, Minnesota. Walilipia kwa jina la uongo, Simon Ritchie Group, ili watu wasijue ni Nirvana. (Simon Ritchie ni jina halisi la Sid Vicious wa Sex Pistols, basi hata kujificha kwenyewe kulikuwa utani.) Theluji nje, hakuna pa kwenda. Wakapiga wote kwa pamoja, nyimbo nyingi zilikamilika kwa mara ya kwanza au ya pili, na Cobain akaimba sehemu kubwa ya albamu ndani ya siku moja. Kazi nzima pamoja na miksi ilikwisha kwa wiki mbili hivi. Muda uliobaki walipigia watu simu za utani.

Lebo ikaisikiliza ikakunja uso. Maneno yakavuja magazetini kwamba albamu haitoki, bendi ikalazimika kujibu kwa tangazo la kulipia. Mwishoni Heart-Shaped Box na All Apologies zikapewa Scott Litt, aliyekuwa akifanya kazi na bendi ya R.E.M., azichanganye upya, nyingine zikapigwa pasi wakati wa kutengeneza masta, yaani nakala mama. Ikatoka Septemba 21, 1993 ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani.

Na Albini? Alikosa kazi. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya sakata lile lebo kubwa zilimkwepa, na bendi ndogo zikadhani sasa ni ghali hazimwezi. Karibu afilisike, mwaka mmoja baada ya kurekodi albamu iliyosubiriwa kuliko zote duniani.

Studio_ya_Uani

Mzee nakuheshimu, lakini hapa naomba nipinge.

Nina studio uani kwangu Mbagala. Chumba kimoja, magodoro ukutani, kompyuta moja. Msanii anakuja kwangu na mistari minne kwenye simu. Biti natunga mimi. Kinanda mimi. Besi mimi. Kiitikio kikimshinda namtafutia mimi. Akitoka anatoa elfu sabini, na ya mwisho anaomba nauli ndani yake. Kuna wimbo nilioutengeneza hivyo, nikaja kuusikia kwenye tangazo la kampuni kubwa tu, siitaji. Sijapata hata vocha. Sasa aje mtu aniambie nilipwe kama fundi bomba? Huyo Albini alizaliwa na sahani mkononi.

Kipusa_Tanga

Haya, uzi umeanza kuchemka 😅

MzeeWaKanda

@Studio_ya_Uani hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Ila soma tena ulichoandika. Biti umetunga wewe, besi wewe. Basi wewe ni mtunzi, na mtunzi lazima ale kwenye wimbo kila unapopigwa. Albini hajawahi kuikataa haki ya mtunzi. Alichosema ni kwamba yeye *hajatunga*. Nyimbo zililetwa na bendi, zilipigwa na bendi, akasoma mita na kusogeza maiki. Akaona akichukua asilimia ya maisha kwa kazi hiyo anakula jasho la watu.

Shida iko kwenye hili neno prodyuza. Tumeliazima likiwa limebeba kazi mbili zisizofanana. Moja ni ya mtunzi wa muziki asiyeimba, ndiyo yako. Nyingine ni ya fundi mitambo. Kwetu zote mbili zinalipwa elfu sabini, na kule kwao zote mbili zinadai asilimia. Albini alipigana na kosa la kwao. La kwetu liko upande wa pili kabisa, na dawa yake ni kuandikishana kabla maiki haijawashwa.

Studio_ya_Uani

Hapo nimekuelewa. Bado naona dola laki nne zingemfaa.

MzeeWaKanda

Sasa kile kiporo cha uandishi. Mwaka huohuo wa 1993 aliandika makala kwenye jarida la The Baffler la Chicago, The Problem with Music. Kama una mdogo wako anaota mkataba wa lebo, mtafsirie akiwa amekaa.

Makala inaanza na mtaro uliojaa kinyesi. Wanamuziki wamesimama upande mmoja, upande wa pili kasimama mtu wa lebo na mkataba. Wanamuziki wanaogelea. Atakayefika wa kwanza anaambiwa arudi aogelee tena, kidogo tu, safari hii kwa mtindo mwingine.

Kinachomuua msomaji ni jedwali la mwisho. Anachukua bendi ya mfano, imesaini dili nono, imeuza nakala 250,000, yaani imefanikiwa. Halafu anagawa. Lebo: dola 710,000. Prodyuza: 90,000. Studio: 52,500. Meneja: 51,000. Mwanasheria: 12,000. Kila mwanabendi: dola 4,031 na senti 25. Anamalizia kwa kuonyesha kwamba wangeajiriwa kuuza kwenye duka la 7-Eleven wangepata kama mara tatu ya hiyo.

Zile senti 25 ndizo zinazonimaliza mimi. Angeweza kuzikata. Hakuzikata.

Na tazameni mstari wa prodyuza. Elfu tisini pale, na kwenye hesabu yake bendi nzima ya watu wanne haifikishi elfu kumi na saba. Makala na barua ya Nirvana ni jambo lilelile, moja limeandikwa kwa hasira, jingine kwa adabu.

Kipusa_Tanga

Mzee unaandika vizuri lakini unamsafisha. Nimemtafuta mtandaoni wakati nakusoma. Huyu si ndiye aliyekuwa na bendi inaitwa Rapeman? Jina maana yake mbakaji. Mbona hiyo umeiruka?

MzeeWaKanda

Nilikuwa njiani naifikia, lakini kweli nilikuwa naburuta miguu. Asante dada.

Ndiyo. Baada ya Big Black, 1987 hadi 1989, alikuwa na bendi ya jina hilo, limetolewa kwenye katuni ya Kijapani. Watu waliandamana nje ya maonyesho yao, na walikuwa na haki. Nyimbo za Big Black nazo zina wauaji, wabakaji, maneno ya kibaguzi, yote kwa kisingizio kwamba msanii anasimulia uovu na haukubali. Yeye na wenzake waliamini kwamba kwa kuwa wako upande mzuri kimoyo, wanaweza kutania chochote.

Kinachomtofautisha na wengi wa rika lake ni kwamba hakuja kujitetea uzeeni. Mwaka 2021 aliandika hadharani kwamba mengi aliyosema na kufanya yalitoka kwenye ujinga wa mtu aliyekaa salama, na kwamba anapaswa kuyabeba. Hakusema zama zilikuwa tofauti. Hakusema mmeninukuu vibaya. Kama hilo linatosha au halitoshi, kila mtu apime kwa mzani wake. Mimi ile bendi siisikilizi.

Kipusa_Tanga

Sawa. Angalau umejibu.

Studio_ya_Uani

Mzee rudi kwenye ufundi. Zile dramu alizipataje? Hapo ndipo nina njaa.

MzeeWaKanda

Nitasema ninayoyaelewa, mimi si fundi, ni msikilizaji mkorofi tu.

Moja, maiki za mbali. Mbali na zile za karibu na ngozi, aliweka maiki nyingine chini sakafuni, mbali na dramu, akizichelewesha kwa sehemu ndogo ya sekunde, milisekunde 10 mpaka 20 hivi. Sikio linadanganyika chumba ni kikubwa kuliko kilivyo. Mbili, alizijua maiki kama mpishi anavyojua sufuria zake, mpaka kampuni ya Josephson ikatengeneza moja, e22S, kwa kushirikiana naye. Tatu, na hii ndiyo kubwa: alimwacha mpigaji apige kwa nguvu zake, na hakuipunguza sauti ikishapanda. Ndiyo maana rekodi zake zinapanda na kushuka kama mtu anayeongea.

Na kanda. Alirekodi kwenye kanda za sumaku mpaka mwisho, kompyuta zilipokuwa zimeshamaliza studio zote. Watu walidhani ni maringo ya kizee. Sababu yake ilikuwa ya mtunza kumbukumbu: kanda ya mwaka 1955 bado inapiga leo, ila faili la programu iliyokufa miaka kumi iliyopita ni nani atalifungua?

@Studio_ya_Uani zile biti zako za 2009 ziko wapi?

Studio_ya_Uani

Usinikumbushe. Diski ilipiga kelele kama panya, ikafa.

MzeeWaKanda

Pole mkuu.

Mwaka 1997 akafungua studio yake, Electrical Audio, mtaa wa Belmont, Chicago. Kuta za ndani ni matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, yaliletwa kutoka New Mexico kwa ajili ya sauti. Ukiwaza vizuri ni nyumba ya tope kwa gharama kubwa. Mafundi wake walivaa ovaroli, na yeye pia. Bei ilibandikwa wazi, na aliyepiga simu na kulipa alihudumiwa, awe Robert Plant na Jimmy Page (ndiyo, Walking into Clarksdale ya 1998 alirekodi yeye) au vijana wanne ambao hakuna aliyewahi kuwasikia na hatawasikia. Hakuchagua bendi anazozipenda. Fundi bomba hachagui bomba.

Hapohapo alikuwa na bendi yake ya tatu, Shellac, tangu 1992, na Bob Weston na Todd Trainer. Watu watatu, kila mmoja na kazi yake ya kula, wakitoa albamu wanapojisikia.

Mwana_Lushi

Bandugu, jambo. Niko Lubumbashi, nasoma tu kimya toka asubuhi. Mimi nilimujua huyu Albini kupitia mlango mwingine kabisa: The Ex, ile bendi ya Amsterdam. Albamu yao Turn ya 2004 alirekodi yeye. Ndani mule kuna wimbo Theme from Konono, wamechukua kwa Konono No. 1 ya Kinshasa, wale wazee wa likembe (kalimba) wanaopiga na maiki za kutengeneza wenyewe na sumaku za magari mabovu. Na kuna Huriyet, wimbo wa Eritrea. Kwa hiyo likembe letu lilifika kwenye mikono yake, hata kama limepita kwenye magitaa ya Wazungu.

MzeeWaKanda

@Mwana_Lushi umenipa zawadi. Albamu hiyo ninayo na sikuwahi kuunganisha nukta. Na inaingia akilini: Konono wamepeleka umeme kwenye likembe, spika ikalia kwa kukwaruza, wakaikubali hivyo hivyo. Albini asingeigusa sauti hiyo, angeirekodi ilivyo.

DJ Kibatari

Mzee malizia, kesho kazini.

MzeeWaKanda

Namalizia.

Alikuwa mcheza karata wa kweli. Kwenye World Series of Poker alishinda mashindano mawili: 2018, akachukua dola 105,629, na 2022, dola 196,089. Piga hesabu, ni karibu mara tatu ya alicholipwa kwa In Utero. Mrabaha hakuutaka, ila mezani alikunyoa bila maji.

Yeye na mkewe, Heather Whinna, kwa miaka mingi walichukua barua ambazo familia maskini za Chicago zilimwandikia Baba Krismasi, wakachangisha kwa onyesho la saa 24 mfululizo na wachekeshaji wa Second City, wakapeleka pesa na mahitaji mlangoni kwa watu. Barua za watu wazima, si watoto tu. Mtu anaomba kodi ya nyumba kwa Baba Krismasi.

Alifariki Mei 7, 2024, mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Alikuwa palepale studio. Siku kumi baadaye ikatoka To All Trains ya Shellac, iliyokuwa imeshapangiwa tarehe akiwa hai.

Mtakaotaka kusikiliza: anzeni na Surfer Rosa kwa spika za masikioni, kisha Rid of Me, kisha Things We Lost in the Fire ya Low (2001), hiyo ni ya taratibu, hata DJ Kibatari ataivumilia. In Utero iacheni ya mwisho.

DJ Kibatari

Nimeisikiliza hiyo ya Low. Sisemi kitu. Nimesema nitasikiliza, nimesikiliza.

Studio_ya_Uani

Ripoti ya usiku. Nimeenda kujaribu ile ya maiki ya sakafuni, kwenye korido, tumba la dogo mmoja wa hapa jirani. Chumba kimesikika kweli, aisee. Pia kimesikika jenereta la mama wa vitumbua, na sauti ya mwanangu akiuliza mbona baba umelala chini. Dogo anasema tusizitoe.

MzeeWaKanda

Zimerekodiwa kwenye nini?

Studio_ya_Uani

Kompyuta. Kesho naenda Kariakoo kutafuta diski ya pili.